Mwanga Upimao Damu bila Sindano

Spektroskopia ni taaluma ya kuchunguza jinsi maada inavyofyonza au kutoa mwanga. Mfano wake hospitalini ni kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni, ambacho msingi wake ulibuniwa na Mjapani Takuo Aoyagi katika miaka ya 1970. Himoglobini isiyo na oksijeni hufyonza zaidi mwanga mwekundu. Yenye oksijeni hufyonza zaidi infraredi. Ulinganisho huo hubainisha upungufu wa oksijeni, kama ule uletwao na nimonia.

Hata hivyo, melanini ya ngozi nayo hufyonza mwanga. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulidhihirisha kuwa upungufu huo ulikosa kutambuliwa kwa wagonjwa Weusi takribani mara tatu kuliko kwa Weupe. Hivyo basi, mgonjwa anayehema kwa shida asiruhusiwe kwenda nyumbani kwa sababu ya tarakimu pekee.