Kuunga Jamaa kwa Pande Zote Mbili

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, somo letu la leo ni kuunga jamaa. Twalianza kwa jambo lililotupata wenyewe, kwani yampasa mwenye kufundisha aanze kuihesabu nafsi yake.

Mwezi wa Disemba 2023 tulisafiri kwenda Oman, sisi na baba yetu, mzee wa miaka 78, pamoja na watoto wetu. Babu yetu alizaliwa Rustaq, akaja Mombasa kwa jahazi la kaskazi angali kijana, akaoa hapa, akafia hapa, wala hakurudi kwao. Baba yetu alikuwa na haja moja kabla ya kufa: auone mji huo kwa macho yake, na wajukuu wake wauone pamoja naye.

Jamaa zetu walitupokea Maskati kwa heshima kubwa. Mmoja wao alizungumza nasi Kiswahili safi, kwani wazazi wake walitoka Unguja baada ya mapinduzi ya 1964. Siku ya pili wakatupeleka Rustaq, mji ulio chini ya milima, ambako Nasir bin Murshid alipewa uimamu mwaka 1624. Tuliiona ngome yake, na tukaiona mifereji ya maji iitwayo falaj. Maji hayo hutoka chini ya ardhi, huteremka yenyewe bila ya mashine, na hugawanywa kwa zamu. Zamani zamu hizo zilipimwa kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku, ili kila mwenye haki apate fungu lake.

Usiku, baada ya kahawa na tende, mzee wa nyumba akatoa karatasi ya nasaba, akaisoma jina baada ya jina, hata likafika jina la babu yetu. Baba yetu akalia. Kijana wetu wa miaka kumi na miwili akayaandika majina yote katika daftari lake. Kisha akauliza: "Babu, na mama yako je? Kwao ni wapi?" Baba akanyamaza kitambo, halafu akajibu: "Ni mtu wa huko huko Mombasa." Mazungumzo yakageuzwa.

Usiku ule usingizi ulitupaa. Sisi tuliowasomesha watu mlango wa kuunga jamaa kwa zaidi ya miaka ishirini, hatukuwahi kuliuliza suala lile la mtoto.

Tuliporudi Mombasa baba alituita faraghani akatueleza. Mama yake alikuwa Mgiriama wa upande wa Kaloleni, akasilimu, kisha akaolewa. Wajomba zake walipokuja mjini na nazi zao walipokewa uwani, na mbele za wageni hawakutajwa. Mama alipokufa hawakuja tena, wala hapana aliyewafuata. Tazameni basi: kwenda Rustaq tulivuka bahari, na Kaloleni, mwendo usiofika hata saa mbili kwa gari, hatukuukanyaga kwa miaka hamsini!

Watu wetu hupenda kusema, "Mwacha asili ni mtumwa," na wasemapo hivyo hutazama ng'ambo ya bahari tu. Je, asili ya mtu ni baba peke yake?

Dini yetu haikukataza kujua nasaba. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujifunze nasaba zetu kwa kadiri ya kutuwezesha kuunga jamaa zetu. Hiyo ndiyo faida yake. Ama kujifaharisha, Kurani katika Sura ya Al-Hujurat imekwisha kulikata neno hilo: tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane, na mbora wetu ni mcha Mungu. Na Abu Dharr, pamoja na utukufu wake, alipomtahayarisha mtu kwa mama yake, Mtume (s.a.w.) alimwambia kuwa ndani yake mna ujahili. Basi sisi tunaowaficha mama zetu wenyewe, tutaambiwaje?

Zingatieni pia habari ya Bibi Hajar, mama wa Nabii Ismail. Alikuwa mtu wa Misri, naye alikuwa mjakazi. Vizazi vingi vilipita baina yake na Mtume wetu, na juu ya hayo Mtume (s.a.w.) aliwausia masahaba zake wawatendee wema watu wa Misri, kwa kuwa wana haki ya ujamaa. Ikiwa Mtume wa Mwenyezi Mungu hakuusahau upande wa mama wa zama zile za kale, sisi twausahau vipi upande wa nyanya aliyemlea baba yetu mgongoni mwake?

Huenda mtu akasema: "Lakini jamaa zetu hao wengine si Waislamu." Jawabu yake ni kisa cha Bibi Asmaa binti Abubakar. Mama yake alimjia naye yungali mshirikina. Asmaa akamwuliza Mtume (s.a.w.) kama amwunge, naye akamwambia amwunge mama yake.

Tulimpeleka baba Kaloleni. Tulimkuta mtoto wa mjomba wake, mzee kama yeye, ameketi chini ya mwembe. Alimtazama baba sana, akasema: "Tulidhani mmetusahau." Baba akamjibu: "Tuliwasahau kweli. Tusameheni." Nasi hatukuwa na la kuongeza. Kijana wetu akatoa daftari lake, akaliandika jina la nyanya yake mkuu, na majina ya ndugu zake wote.

Basi ndugu zetu, mwenye uwezo wa kwenda kuwazuru jamaa zake Oman, Hadhramaut au kwengineko na aende, apate thawabu zake. Walakini kwanza na awaulize wazee wake, maadamu wangali hai, majina ya nyanya zake na kwao wapi, kisha awaendee walio karibu. Wala asingoje wao waanze, kwani Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mwunga jamaa hasa ni yule awaungaye waliomkata; sembuse sisi, ambao ndio tuliokata!

Mwenyezi Mungu atusamehe tulipopunguza, na atujaalie kuwa katika wenye kuyaunga aliyoamrisha yaungwe. Amin.