Mawimbi ya ziwa letu, na ile siku ya posho iliyoharibika



Wengi wenu mumekwisha kusikia habari za matembezi yetu ya mwanzo wa mwezi wa kumi na moja. Wengine mumecheka. Wengine mumeniuliza: "Kapita, ni bya kweli mulikimbia mvua?" Ndiyo, tulikimbia, tena tulichelewa kukimbia. Bwana Prefe hakunipa azabu. Aliniambia tu: "Andika, wengine wajifunze." Basi nimefungua tena makaratasi yangu ya fizike na ya jiografia, na hili ndilo somo lenyewe.

1. Habari ilivyokuwa

Tulikuwa watu kumi na mbili, finalisti watano na wadogo saba. Kila mtu alitoa feza kidogo ya mikate, na seremala mmoja alituazima mbao nne ndefu, zilizolainishwa vizuri. Mpango wetu ulikuwa kupanda mawimbi siku ya posho yote, kulala kwa nyanya wa mwenzetu mmoja karibu na ziwa, na kurudi siku ya Mungu mangaribi.

Asubuhi upepo wa kusini-mashariki ulivuma vizuri, na mawimbi yakaja moja nyuma ya lingine. Tulifurahi sana. Karibu na saa sita upepo ulikufa gafula. Upande wa kusini wingu likasimama, jeusi chini, jeupe juu kama koliflawa. Muzee mmoja mvuvi alikuwa anavuta mtumbwi wake inchi kavu. Akatuita: "Batoto, mutoke mu mayi. Ile wingu iko na mupepo." Nikamjibu kwa heshima: "Aksanti, muzee, tunatoka sasa hivi."

Lakini hatukutoka. Hapa ndipo kosa langu. Wadogo watatu walikuwa hawajapata zamu yao, na walikuwa wametoa feza sawa na sisi. Tena niliogopa kuitwa mwoga mbele ya wenzangu. Nikasema: "Dakika kumi tu."

Dakika kumi hazikuisha. Upepo wa baridi ukatupiga, maji yakageuka meusi, na mtoto mmoja wa mwaka wa pili akaanza kwenda mbali na sisi, yeye na ubao wake. Alipiga maji kwa nguvu zote kutuelekea, lakini alizidi kwenda. Yule muzee alikimbia kando ya maji akipaza sauti: "Usiache ubao! Enda kando, kando!" Mtoto akasikia. Alishika ubao, akageuka kufuata inchi kavu, na mawimbi yakamtupa mchangani hatua kama mia mbili kutoka pale alipoingilia. Alikuwa anatapika maji na analia. Mimi nilikuwa natetemeka kuliko yeye.

Mvua ilipiga mpaka asubuhi. Mikate ililowa, ubao mmoja ulipotea, tukalala tumekaa katika jikoni ya yule nyanya, naye hakutuuliza kitu. Siku ya Mungu tulirudi mapema, katika matope.

2. Wimbi ni nini?

Wimbi ni mtoto wa upepo. Upepo unasugua uso wa maji na kuyapa nguvu yake. Ukubwa wa wimbi unategemea mambo matatu: nguvu ya upepo, muda unaovuma, na urefu wa maji unayovuma juu yake.

Watu wengi wanazani maji yanasafiri pamoja na wimbi. Sivyo. Mutupe kijiti katika maji ya kina, mutakiona kinapanda, kinaenda mbele kidogo, kinashuka, kinarudi karibu na pahali pake. Kinachosafiri ni nguvu. Lakini karibu na inchi kavu wimbi linaanza kugusa chini. Linapungua mwendo, linasimama, linavunjika. Kwa kawaida linavunjika pale kina cha maji ni kama mara 1,3 ya urefu wake wa kwenda juu. Wimbi la meta 1 litavunjika pale maji yana meta 1,30, maana yake kifuani kwa mtu. Ni pale tu mtu wa ubao anapata kusukumwa.

Mchezo huu si wa leo. Wenyeji wa visiwa vya Hawaii walikuwa mabingwa wake zamani. Wazungu wa merikebu za Cook waliwaona, na mwaka 1779 ofisa James King aliandika habari zao.

3. Kwa nini ziwa si kama bahari?

Hili ndilo jambo nililopenda zaidi kulifahamu. Katika bahari kubwa, zoruba inaweza kupiga mbali sana, na mawimbi yake yanasafiri siku nyingi mpaka kwenye pwani yenye jua na utulivu. Mwaka 1963 mtaalamu Walter Munk na wenzake waliyafuata mawimbi kutoka kusini ya Pasifiki mpaka Alaska, zaidi ya kilometa 10 000. Kwa hiyo mtu wa pwani ile anaweza kupata wimbi zuri bila upepo mbaya.

Ziwa letu ni kubwa: urefu wake ni kama kilometa 670, na kina chake kinafika meta 1 470. Katika dunia yote ni Baikal tu linalolishinda kwa kina. Lakini upana wake mara nyingi ni kama kilometa 50 tu. Upepo wa kusini unapata maji mengi ya kusugua, kwa sababu toka ncha ya kusini mpaka Kalemie ni zaidi ya kilometa 300. Ndiyo maana wakati wa kiangazi, toka mwezi wa tano mpaka wa nane, tunaona mawimbi makali. Hata hivyo, wimbi la ziwa halipati nafasi ya kuacha upepo wake nyuma.

Tufanye hesabu. Katika maji ya kina, urefu wa wimbi kwa meta ni 1,56 × T × T, na T ni sekunde kati ya wimbi moja na lingine.
— Ziwani, T = 4: urefu ni meta 25, na mawimbi ni 15 kwa dakika.
— Baharini, T = 12: urefu ni karibu meta 225, na mawimbi ni 5 kwa dakika.

Muone wenyewe. Mtu aliyeanguka baharini ana sekunde 12 za kupumua. Kwetu ana 4 tu, na upepo uliolileta wimbi ungali juu ya kichwa chake. Kumbe siku tuliyoiita nzuri ya mawimbi, ndiyo siku mbaya ya hewa. Sisi tuliomba kimoja na kukataa kingine, nayo haviachani.

Wakubwa wetu wanajua jambo hili kwa machozi. Katika mwezi wa kumi na mbili 2014, boti iliyotoka hapa Kalemie kwenda Uvira, imejaa kupita kiasi, ilizama kwa upepo mkali. Watu zaidi ya 120 walikufa.

4. Wingu na upepo wake

Kwa nini upepo ulikufa kwanza? Wingu la ngurumo linavuta hewa ya moto kwenda juu. Kisha mvua yake inaanguka na kupoza hewa, nayo hewa ile nzito inashuka na kutawanyika juu ya maji kama maji ya ndoo iliyomwagwa sakafuni. Upepo huo wa baridi unatangulia mvua. Basi utulivu wa gafula mbele ya wingu jeusi si ruhusa ya kubaki. Ni onyo.

Sauti inasafiri meta 340 kwa sekunde. Ukiona umeme, uhesabu mpaka ngurumo: kila sekunde 3 ni kilometa 1. Ukipata 30 au chini yake, umeme uko kilometa 10 au karibu zaidi. Toka katika maji, na usirudi mpaka dakika 30 zipite bila ngurumo.

5. Maji yanayorudi

Maji yanayosukumwa mchangani na mawimbi yaliyovunjika lazima yarudi. Mara nyingi yanapata njia moja nyembamba, yanatoka kwa nguvu. Ni njia hiyo iliyomchukua mtoto wetu. Anayeogelea moja kwa moja dhidi yake anachoka na kuzama. Anayekwenda kando, sambamba na inchi kavu, anatoka, kwa sababu njia ile si pana.

Tena muwe mbali na mdomo wa Lukuga. Mito mingine inaleta maji ziwani, lakini Lukuga inayatoa na kuyapeleka Lualaba. Na mukumbuke kwamba ziwa lilipanda sana mwaka 2024, likaingia katika nyumba za watu. Pahali ulipopajua zamani panaweza kuwa na ukuta au kisiki chini ya maji.

6. Nililojifunza mimi

Mambo haya karibu yote tulifundishwa darasani, na mengine niliyajibu vizuri katika mtihani. Yule muzee hakuwa na hesabu ya T, lakini aliangalia wingu na akavuta mtumbwi wake. Mimi nilikuwa na hesabu, nikaangalia nyuso za wenzangu. Kapita anapewa kazi kwa ajili ya dakika kumi kama zile. Nimekwenda kumwomba musamaha mama ya yule mtoto, na yule muzee tumempelekea sukari na aksanti. Ubao wa seremala tutaulipa sisi finalisti watano, si wadogo.

Maswali ya kujipima

1. Umeme umeonekana, ngurumo imefika nyuma ya sekunde 12. Umeme uko mbali gani? Utafanya nini?
2. Wimbi la sentimeta 60 litavunjika katika maji ya kina gani?
3. Kama T = 5, urefu wa wimbi ni meta ngapi?
4. Mkubwa wako anasema "dakika kumi tu", nawe unaona wingu. Utamjibu namna gani kwa heshima?

Majibu ya swali la ine muniletee mimi mwenyewe. Nitayasoma yote.

Kapita wa wanafunzi, finalisti