Kumpeleka mtoto mwoga kreta ya Ngorongoro

Kila inapokaribia Idd, na pia shule zinapofungwa Juni na Desemba, hapa Karatu swali huwa moja: watoto tuwatembeze wapi? Wenzetu wa Dar es Salaam wana Kunduchi na mabwawa yake ya kuteleza. Sisi hatuna mambo hayo, lakini tunayo kreta ambayo watu huvuka bahari kuja kuitazama. Basi ndugu huchangishana, hukodi gari, hupika usiku kucha, na kesho yake huondoka na watoto wote, hadi yule wa mwaka mmoja na nusu aliye mgongoni.

Leo safu hii inamhusu mtoto wa mwaka 1 hadi 5, na hasa yule mwoga. Kila nyumba inamjua. Ni yule anayejificha nyuma ya kanga ya mama akija mgeni, anayelia mbuzi akikohoa. Marehemu Jerome Kagan, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliwafuatilia watoto tangu uchanga wao kwa miaka mingi, akaonyesha kuwa wapo wanaozaliwa na maumbile ya kushtuka upesi mbele ya kitu kigeni. Kwa hiyo huyu si mtoto aliyedekezwa, wala si mtoto mjinga. Ameumbwa hivyo, na wengi wao hujirekebisha kidogo kidogo wakisaidiwa.

Msomaji anaweza kuuliza, jambo hili linahusu nini tabibu? Linamhusu sana. Mtoto mdogo akiogopa, woga hauishii moyoni. Tumbo husokota, hutapika, hujikojolea, hugoma kula na kunywa, na hukataa choo asichokizoea hata kama amebanwa. Sasa mweke mtoto huyo ndani ya gari kwa saa sita, penye jua na vumbi, anatapika na hanywi. Ndiyo maana siku ya pili au ya tatu ya Idd hatukosi kupokea mtoto aliyetoka matembezini, midomo imekauka, analia bila machozi, na mama anasema, "Tabibu, alikuwa mzima, ila alikuwa analialia tu tangu asubuhi."

WOGA HUPANDWA NYUMBANI

Tuseme ukweli. Mwaka mzima tunamlaza mtoto kwa jina la fisi. Asipolala, fisi atakuja. Asipokula, simba atamchukua. Akilia sana, daktari atamchoma sindano (na hapo mnatuharibia kazi sisi wenye sindano). Kisha siku ya Idd tunamvalisha nguo mpya na kumpeleka mahali ambapo fisi na simba wapo kweli, si wa kusimuliwa. Mtoto wa miaka 3 bado hajaweza kutenganisha hadithi na jambo lenyewe. Kwake yeye, amepelekwa kukabidhiwa.

Na simba wa kreta wamezoea magari. Jua likiwa kali, huja kulala kwenye kivuli cha gari, karibu kabisa na gurudumu. Mtu mzima huona ni bahati, akatoa simu apige picha. Mtoto aliyeambiwa kwa miaka miwili kuwa simba huchukua watoto wasiokula, yeye huona nini?

Wapo pia akina baba na wajomba wanaofanya mzaha: kumwinua mtoto dirishani na kusema, "Haya simba, mchukue huyu." Watu hucheka. Imepokewa katika Sunan Abu Daud kwamba Mtume (s.a.w) alikataza Muislamu kumtisha Muislamu mwenzake, na kilichosababisha hayo kilikuwa mzaha tu, mtu aliyekuwa amelala akachukuliwa kamba yake akashtuka. Ikiwa mtu mzima anahurumiwa kwa kamba, mtoto wa miaka 3 je, kwa simba?

Hivyo basi maandalizi yaanze wiki moja au mbili kabla, na hayana gharama. Acheni kwanza kumtaja mnyama kwa vitisho. Mpelekeni kwa jirani aone ng'ombe kwa karibu, amguse ndama akitaka, asilazimishwe. Mwonyesheni picha za pundamilia, nyumbu, kiboko na mbuni. Msimulieni habari za bibi faru Fausta, aliyeishi Ngorongoro hadi akafa Desemba 2019 akiwa na miaka 57, na uzeeni akawekwa kwenye uzio ili fisi wasimsumbue. Watoto hupenda sana kusikia kwamba hata faru anaweza kuwa bibi na kutunzwa. Pangeni viti sebuleni viwe gari, fungeni "madirisha", dereva awe yeye mtoto.

Msimdanganye. Mkimwambia simba hawapo, na akawaona, hatawaamini tena, wala sindano hatawaamini. Mwambieni: simba wapo, sisi tutakuwa ndani ya gari, hatushuki, dereva anawajua, na ukisema umechoka tutaondoka. Ahadi hiyo ya mwisho ni nzito, kwa hiyo msiitoe kama hamna nia ya kuitimiza.

Tunaosoma sira tunakumbuka habari ya Abu Umair, mdogo wake Anas bin Malik, aliyekuwa na kindege chake kikafa. Mtume (s.a.w), pamoja na majukumu yake yote, alimsemesha mtoto yule na kumuuliza habari za kile kindege. Hakumwambia kuwa jambo la kindege ni dogo.

UAMUZI UFANYIKE UKINGONI

Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Mtu hudhani kreta ni kama mnada, ukichoka unageuza. Sivyo. Ukishavuka lango la Lodoare, barabara hupanda msituni hadi ukingoni, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Pale pana sehemu ya kutazamia, na unaiona kreta yote chini yako, kina cha kama mita 600, na sakafu yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 260. Kutoka hapo, gari linaloteremka kwa njia ya Seneto haliruhusiwi kurudi kwa njia hiyo hiyo. Ni ya kushukia tu. Kupanda ni kwa njia ya Lerai, upande mwingine. Maana yake, mtoto akianza kupiga mayowe katikati ya mteremko, huna pa kugeuzia. Ni lazima ufike chini, uvuke, upande.

Kwa hiyo mwangalie mtoto pale ukingoni. Amekunywa maji? Anauliza maswali, au amenyamaza na kukushika shingo? Amekwisha tapika mara ngapi? Ikiwa hali si nzuri, tazameni kreta kutoka juu, kuleni, kisha rudini Karatu. Mmekwisha kuiona Ngorongoro. Au baadhi washuke na gari, mmoja abaki juu na mdogo mahali panaporuhusiwa, penye watu na choo, si kando ya barabara, kwani nyati na tembo hupita huko juu pia. Najua itasemwa kuwa hela za gari zimekwisha kulipwa. Hela za gari zinalipwa vilevile mtoto awe anacheka au awe anatapika.

Mkiamua kushuka, shukeni mapema. Lango hufunguliwa saa 12 asubuhi, na wanyama huonekana vizuri kabla ya jua kuwa kali. Mpango mzuri kwa watoto ni kuwa mmepanda tena ifikapo saa 6 au 7 mchana, wakati wao wa kulala. Msikimbizane na simba. Mtoto mwoga hutulia zaidi kwa pundamilia na nyumbu, wanaokula majani kama ng'ombe wa nyumbani, na kwa viboko wa Ngoitokitok walio majini. Kama mmemwahidi twiga, mwonyesheni njiani mkibahatika, kwa sababu ndani ya kreta twiga hawamo.

Muulizeni mwenye gari mapema kama gari lake linaruhusiwa kushuka. Noah haishuki, ni Land Cruiser na magari ya jamii hiyo. Gari liwe na mikanda, na mtoto asisimamishwe juu ya kiti atoe kichwa kwenye paa lililo wazi gari likiwa linatembea. Akiogopa, fungeni dirisha, mpakate, mwambie kwa sauti ya chini kile anachokiona: "Yule ni fisi, amelala, ameshiba." Kisha mwambieni dereva asogee. Kaka zake wasimwite mwoga, na wakimwita wakemewe palepale.

BARIDI, TUMBO NA CHOO

Ukingoni asubuhi kuna ukungu na baridi kali, zaidi Juni hadi Agosti. Chini mchana kuna joto na vumbi. Mvalishe mtoto nguo nyepesi kadhaa moja juu ya nyingine, kofia na soksi, uzipunguze kadiri jua linavyopanda. Mwenye pumu asiondoke bila pampu yake, maana vumbi la kreta halina huruma. Mwenye selimundu, baridi na upungufu wa maji ndivyo vitu viwili vinavyoamsha maumivu yake. Huyo apelekwe kliniki kwanza kuulizia kama safari inamfaa.

Wanaotoka Arusha wana takribani kilomita 140 kabla ya kufika Karatu, na kona za kupandisha kutoka Mto wa Mbu huwatapisha watoto wengi, hasa wa kuanzia miaka 2. Mtoto ale kidogo kabla ya safari, akae anapoona mbele, dirisha lifunguliwe kiasi. Dawa ya promethazini asipewe kabisa mtoto wa chini ya miaka 2. Na nawasihi akina mama, msimpe mtoto piritoni ili alale njiani. Dawa hiyo ni ya mzio, si ya kununulia utulivu wa safari, na mtoto aliyelewa dawa huwezi kujua kama amelala au amezidiwa.

Pilau la Idd ni tamu, lakini pilau lililopikwa saa 10 alfajiri likakaa vuguvugu hadi saa 8 mchana ni shamba la vijidudu. Kwa watoto chukua chapati, viazi vitamu, mayai ya kuchemsha ambayo hayajamenywa, ndizi, na maji yaliyochemshwa. Anayenyonya aendelee kunyonya, hakuna chakula salama kuliko hicho. Karanga na pipi ngumu ziacheni nyumbani, kwani kwenye gari linaloruka mashimo humpalia mtoto kwa urahisi.

Kule Ngoitokitok watu husimama kula, na mwewe wanajua. Hushuka ghafla na kupokonya chakula mkononi, kucha zake zikamchana mtu. Kwa mtoto mwoga hilo peke yake linatosha kuharibu siku. Aleni ndani ya gari. Nyani wa langoni nao huingia garini wakiona ndizi, hivyo vioo vifungwe. Mtoto akichanwa au kuumwa na mnyama, osheni jeraha kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya kinga ya kichaa cha mbwa na pepopunda, hata kama kidonda ni kidogo.

Chukueni poti ya nyumbani yenye mfuniko, ile aliyoizoea. Bondeni hamruhusiwi kushuka garini popote mtakapo, vyoo vipo sehemu maalumu tu. Chukueni na birika, sabuni na dumu la maji ya kunawa, mbali na yale ya kunywa, na hayo yatawafaa pia kwa istinja na udhu. Vitambaa vyenye unyevu vya dukani havitoshi baada ya choo. Sala nayo ipangwe hapo hapo penye ruhusa ya kushuka, na anayetaka kujua hukumu ya kupunguza na kujumuisha kwa umbali wake amuulize sheikh wake kabla ya siku.

Muwe na pakiti mbili au tatu za ORS. Pakiti moja huchanganywa na lita moja ya maji safi, na kilichobaki humwagwa baada ya saa 24. Mtoto wa chini ya miaka 2 hupewa mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, mkubwa zaidi 100 hadi 200, kwa kijiko, taratibu. Akitapika, subirini dakika 10 muanze tena. Akilegea, macho yakiingia ndani, au akishindwa kunywa kabisa, matembezi yamekwisha. Mwambieni dereva apande kuelekea Karatu, au Endulen penye hospitali ikiwa ndiko karibu. Msitegemee simu, mtandao haushiki kila mahali.

Waliolala Mto wa Mbu wakumbuke kuwa huko ni chini na malaria ipo, na Karatu nako isidharauliwe. Homa yoyote katika wiki zinazofuata ipimwe, isikisiwe.

Mkisharudi, mtoto anaweza kuamka usiku analia kwa siku chache. Mlazeni karibu, mwacheni aulize jambo lile lile mara kumi. Ikiwa yanaendelea zaidi ya mwezi, au ameacha kula, au ameanza tena kukojoa kitandani, mleteni tumwone. Lakini akianza kupanga viti sebuleni na kusema gari linashuka Seneto, hiyo ni dalili njema. Mwache aendeshe. Akikuomba uwe simba, unguruma polepole.