Jirani wa Chini Ananichukia, Nirudi Tanga?

Shangazi,

Mimi ni mama wa mtoto wa kiume wa miaka minne. Nilikuwa na duka langu la vitenge Tanga. Mume wangu alipata ufadhili wa shahada ya uzamili Kobe, Japani, na baada ya miezi kadhaa akatuita. Tunaishi juu kwenye nyumba ya kupanga yenye kuta nyembamba: chumba kimoja, jiko la kusimama mtu mmoja, na bafu.

Mume anatoka asubuhi, anarudi kutoka maabara saa tatu usiku, siku nyingine saa tano. Mimi na mtoto tunashinda ndani. Mchana mtoto hanipi nafasi, hivyo napika usiku, na thumu natwanga kwa kinu nilichokuja nacho. Mama wa chini, mtu mzima, nikimsalimu anainamisha kichwa tu na kupita. Mara mbili mfuko wetu wa taka umeachwa, umebandikwa karatasi nisiyoweza kuisoma. Wiki iliyopita likabandikwa tangazo ngazini. Mume akasema linahusu kelele za usiku, kisha akaongeza, "Zoea tu, ndiyo Japani." Nililia. Nikisema nataka kurudi, anasema nitamwaibisha kwa ndugu. Je, huyu mama anatuchukia? Nirudi na mwanangu?

Mke wa Msomi, Kobe

Mwanangu,

Pole. Barua yako ina kesi mbili ulizozifunga furushi moja. Moja ni ya jirani, nyingine ni ya mumeo. Nianze na ya jirani, maana hiyo yaweza kwisha wiki hii.

Hakuna popote ulipoandika kwamba huyo mama amekutukana, amekufokea au amemfinya mtoto. Anainamisha kichwa. Mwanangu, hiyo ndiyo salamu yenyewe! Sisi wa Pwani tumezoea salamu inayoanzia hali, ipite kwa watoto, iishie kwenye bei ya samaki. Huko watu wa nyumba moja wanaweza kuishi kwa heshima miaka kumi kwa kuinamiana tu. Ujirani wao unapimwa kwa mambo mengine, na la kwanza ni taka.

Kobe kila aina ya taka ina siku yake, na aina kadhaa zina mifuko yake maalumu ya manispaa inayouzwa dukani. Taka za kuchomwa huchukuliwa mara mbili kwa wiki, na mfuko uwe umefika kituoni kabla ya saa mbili asubuhi. Ukiutoa usiku, kunguru, nao wa huko ni wakubwa kuliko hawa wetu, watauchana, na atakayefagia ni jirani. Chukua mfano wa chupa ya maji. Fungua kifuniko, bandua ile nailoni yenye jina la maji, vyote viwili vitupe pamoja na plastiki za vifungashio. Chupa isuuze, ikanyage iwe bapa, isubiri siku ya makopo na chupa. Mafuta ya kukaangia usimwage kwenye sinki. Yafyonze kwa gazeti uyatupe na taka za kuchomwa. Karatasi uliyobandikiwa maana yake ni kwamba mfuko umekosea aina au siku. Wenyeji nao hubandikiwa. Ofisi ya kata yenu hutoa kalenda ya taka yenye picha; ibandike kwenye friji.

La pili ni kelele, na hapa sikutetei. Kinu juu ya sakafu nyembamba saa tatu usiku! Kila mchi ukitua, yule mama anausikia kitandani kwake. Twanga mchana, kinu kikiwa juu ya taulo lililokunjwa, au nunua thumu iliyosagwa, inauzwa kila duka la vyakula. Tandika mikeka ya sponji mtoto anapochezea. Mashine ya kufulia isiwashwe usiku.

Ukishafanya hayo, Jumapili mchana mchukue mumeo na mtoto mgonge kwa huyo mama. Najua mkono utakuwasha umpelekee sahani ya vitumbua. Subiri, vitumbua vitakuwa na siku yake. Safari ya kwanza peleka boksi dogo la biskuti za dukani lililofungwa vizuri. Inameni, semeni "sumimasen", yaani samahani, mwonyesheni mtoto, mtajeni jina lake, muondoke. Dakika mbili zatosha. Asipowakaribisha ndani usinune. Hakuna aliyekutarajia kuingia.

Utaniuliza, kwa nini nijipendekeze kwa mtu asiyetaka hata kupiga soga? Kwa sababu uko Kobe. Tarehe 17 Januari 1995, saa 11:46 alfajiri, tetemeko la ardhi liliupiga mji huo watu wakiwa vitandani, na zaidi ya watu 6,400 wakafa. Wengi waliotolewa hai kwenye vifusi walitolewa na ndugu zao na majirani, kabla magari ya uokoaji hayajafika. Jirani ndiye aliyejua nani analala chumba gani. Fimbo ya mbali haiui nyoka: mimi na mama yako hapa Tanga hatutakufaa kitu dakika ile. Basi mama wa chini na ajue kwamba juu yake kuna mwanamke na mtoto ambao mchana wako peke yao. Mtaa ukifanya zoezi la kujihami na tetemeko, nenda na mwanao, hata kama utaelewa vidole tu. Jua shule gani ni mahali penu pa kukimbilia, na kariri 119, namba ya zimamoto na gari la wagonjwa.

Sasa mumeo.

Yeye ana maabara, profesa, wenzake, na lugha inayokua kila siku. Wewe una yeye tu, naye anarudi amechoka. Kila karatasi inayoingia humo ndani inapita machoni pake kwanza, na wewe, uliyekuwa ukiendesha duka, umegeuka mtu wa kusomewa. Hilo "zoea tu" lingemchoma mtu yeyote. Mwambie hivyo, bila machozi ukiweza, siku ya mapumziko na si usiku akiwa amesinzia. Muombe mambo mawili: jioni moja kwa wiki arudi mapema akae na mtoto, na asubuhi moja aende nawe ofisi ya kata.

Huko ofisini uliza kuhusu shule ya chekechea. Tangu Oktoba 2019 serikali ya Japani inabeba ada za watoto wa miaka 3 hadi 5, wa wageni wakaazi wakiwemo. Kwa chekechea za binafsi ina kiwango chake cha juu, na mzazi hulipia mambo kama chakula na basi. Vituo vya kulea watoto kutwa huwataka wazazi wawe kazini au masomoni, lakini chekechea ya kawaida haina sharti hilo. Mtoto ataokota Kijapani kingi kwa mwezi kuliko baba yake kwa mwaka, na wewe utapata asubuhi zako.

Asubuhi hizo usizilalie. Kituo cha Jumuiya ya Kimataifa cha Kobe, KICC, kinasaidia wageni kwa ushauri na masomo ya Kijapani. Idhaa ya Kiswahili ya NHK, shirika la utangazaji la Japani, nayo ina masomo ya Kijapani unayoweza kusikiliza ukimenya viazi. Ukitaka kazi, viza ya mwenza inakuruhusu hadi saa 28 kwa wiki, lakini kwanza upate kibali cha Uhamiaji. Usikubali kibarua cha mlango wa nyuma, utawaponza wote. Kama unaswali, Msikiti wa Kobe, wa 1935 na wa kwanza Japani, uko hapo mjini, na jirani yake kuna maduka ya halali yenye mchele mrefu wa pilau. Bamia na tui la kopo hazisumbui kupatikana. Na ukiona vidagaa vikavu vinavyoitwa niboshi, wao huchemshia supu. Wewe vikaange na nyanya.

Kuhusu kurudi: sikukatazi, na aibu ya ndugu si sababu ya kumfunga mtu. Lakini usiondoke kwa ajili ya karatasi ngazini. Mwaka wa shule huko huanza Aprili. Mtoto aingie chekechea, umalize muhula mmoja wa Kijapani, na mumeo apimwe kwa zile jioni zake. Akizitimiza na bado moyo umekataa, rudi Tanga ufungue duka, naye amalize digrii yake. Asipozitimiza, niandikie tena, na safari hiyo barua itamhusu yeye, si mama wa chini.

Shangazi