Dondoo muhimu: Kumtambua kipepeo bluu wa kunde

Lampides boeticus ni kipepeo mdogo anayeonekana sana Afrika Mashariki penye kunde, mbaazi au marejea, lakini wengi humchanganya na wenzake.

1. Subiri atue na kukunja mabawa. Alama za uhakika ziko upande wa chini.

2. Tafuta mistari myeupe ya mawimbi kwenye rangi ya kahawia hafifu, na mkanda mweupe mpana karibu na ukingo wa bawa la nyuma.

3. Kagua pembe ya bawa hilo: madoa mawili meusi yaliyopakana na rangi ya chungwa, na kimkia chembamba kama uzi. Akitua huvichezesha vimkia hivyo, adui akadhani ni vipapasio vya kichwa.

4. Usimkatae kwa kukosa kimkia. Mara nyingi hukatika akishambuliwa.

5. Usitegemee bluu peke yake. Upande wa juu, dume ni bluu ya zambarau. Jike ni kahawia, na bluu yake iko karibu na mwili tu.

6. Kadiria ukubwa: mabawa yakitandazwa hufika takriban sentimita 2.5 hadi 3.5.

7. Mtofautishe na Leptotes pirithous, ambaye ana vimkia na madoa lakini hana mkanda mpana mweupe.

8. Chunguza maganda ya kunde yenye tundu la mviringo. Kiwavi wake hula mbegu humo ndani.

9. Usimshike kwa vidole, magamba ya mabawa hupukutika. Mpige picha kutoka ubavuni.