Miezi Minane Baada ya Kidato cha Nne: Somo kwa Watoa Huduma, Wazazi na Vijana wa Katavi

Utangulizi

Mtihani wa kidato cha nne hukamilika mwezi Novemba, wakati mvua za kwanza zinapoanza kulainisha mashamba ya Mpanda, Mlele na Tanganyika. Matokeo hutangazwa Januari. Kidato cha tano huanza Julai, na vyuo vingi vya kati hupokea wanafunzi baada ya hapo. Kati ya karatasi ya mwisho ya mtihani na siku ya kwanza ya masomo mapya kuna takriban miezi minane. Katika muda huo kijana ametoka katika daftari la mahudhurio la shule na hajaingia katika daftari jingine lolote. Mwalimu hamwoni tena, na chuo hakijamjua bado.

Aghalabu kipindi hiki hutazamwa kuwa suala la elimu pekee. Somo hili linaonesha kuwa ni suala la afya pia, kwa sababu mbili. Kwanza, ndicho kipindi ambacho mimba, ajali za machimboni na ndoa za mapema zinaweza kuifunga njia ya kijana kabla hajaanza kuitembea. Pili, miongoni mwa vijana hao wamo wakunga, matabibu na wataalamu wa maabara ambao mkoa wa Katavi utawahitaji baada ya miaka minne au kumi ijayo.

Mkoa unaokua upesi

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, na makao yake makuu ni Mpanda. Sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu 564,604. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,152,958. Katika muda wa miaka kumi, idadi ya watu imezidi maradufu. Kila mtoto aliyeongezeka anahitaji chanjo, kila mjamzito anahitaji mkunga, na kila zahanati mpya inayojengwa Mishamo, Karema au Mpimbwe hubaki kuwa kuta na dari tu mpaka apatikane mtu wa kuifungua asubuhi.

Mtu huyo atatoka wapi? Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2010 na ya mwaka 2021 kuhusu kuwabakiza watumishi wa afya vijijini, linapendekeza vyuo vidahili wanafunzi waliokulia vijijini, kwa kuwa hao ndio wenye uwezekano mkubwa zaidi wa kurudi na kudumu huko. Kwa lugha nyepesi, kijana aliyezoea safari ya treni kutoka Kaliua hadi Mpanda, mwenye ndugu Inyonga au Majimoto, haoni Katavi kuwa mahali pa kupelekwa kwa adhabu. Kwake ni nyumbani.

Hatari zilizomo katika kusubiri

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/2016 ulionesha kuwa Katavi iliongoza nchini kwa mimba za utotoni: asilimia 45 ya wasichana wa umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au ni wajawazito, ilhali wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Utafiti wa mwaka 2022 ulionesha nafuu, Katavi ikiwa na asilimia 34 na taifa asilimia 22. Hata hivyo, msichana mmoja katika kila watatu bado ni idadi kubwa. Mhitimu wa kidato cha nne yumo hasa katika rika hilo.

Kwa wavulana, kishawishi kikubwa ni machimbo madogo ya dhahabu. Fedha ya mwanzo hupatikana haraka, na hapo chuo huanza kuonekana kuwa safari ndefu isiyo na maana. Hata hivyo vumbi la miamba huharibu mapafu na kuongeza hatari ya kifua kikuu, na zebaki inayotumiwa kukamatia dhahabu hudhuru mishipa ya fahamu na figo. Madhara hayo huja polepole, mara nyingi baada ya ile fedha kwisha.

Njia zilizopo

Vijana wengi na wazazi wao hudhani kuwa anayekosa kidato cha tano ameukosa udaktari, na aliyeukosa udaktari ameikosa kazi ya afya. Dhana zote mbili si sahihi.

Njia ya kwanza ni vyuo vya kati vya afya vinavyosimamiwa na NACTVET. Kijana huingia kwa cheti cha kidato cha nne, akiwa na ufaulu usiopungua alama D katika masomo manne yasiyo ya dini. Kwa fani za utabibu na uuguzi na ukunga, fizikia, kemia na baiolojia hutazamwa kwanza. Kwa famasia, kemia na baiolojia ndizo nguzo. Zipo pia fani za maabara, radiolojia, kinywa na meno, afya ya mazingira na uhandisi wa vifaa tiba. Masomo ya stashahada huchukua miaka mitatu. Ukihesabu tangu ile Novemba ya mtihani, kijana anaweza kuwa tabibu au muuguzi baada ya takriban miaka minne.

Njia ya pili ni kidato cha tano na sita. Anayetaka kuwa daktari wa binadamu kupitia njia hii hana budi kusoma tahasusi ya PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia. Tahasusi ya CBG, yenye jiografia badala ya fizikia, hufungua milango kadhaa ya sayansi ya afya, lakini haifungui mlango wa udaktari. Tofauti ya herufi moja katika fomu ya uchaguzi inaweza kubadili maisha ya mtu. Shahada ya udaktari huchukua miaka mitano, na baada yake mwaka mmoja wa utarajali. Jumla yake, tangu kidato cha nne, ni takriban miaka tisa.

Njia ya tatu huziunganisha hizo mbili. Tabibu mwenye stashahada anaweza kuomba shahada ya udaktari ikiwa alifaulu vizuri chuoni. Hapo cheti chake cha kidato cha nne hufunguliwa upya: miongozo ya TCU huangalia ufaulu wake katika fizikia, kemia, baiolojia, hisabati na Kiingereza. Kwa hiyo mwanafunzi wa kidato cha pili anayeacha fizikia kwa kuiona ngumu huwa amekata ngazi ambayo angeihitaji miaka kumi baadaye. Ushauri wa kazi unaoanza baada ya matokeo ya kidato cha nne umekwisha kuchelewa kwa wengi.

Wala mtu asidharau ngazi ya kati. Tangu mwaka 1963, Tanzania ilifundisha matabibu wenye uzoefu kuwa madaktari wasaidizi. Takwimu za mwaka 2006 kutoka mikoa ya Mwanza na Kigoma zilionesha kuwa zaidi ya upasuaji nane katika kila kumi wa kumtoa mtoto tumboni ulifanywa na kada hiyo. Ingawa mafunzo ya ngazi hiyo yamesitishwa, funzo lake limebaki: maelfu ya akina mama wako hai kwa sababu ya watu walioingia katika tiba kwa mlango wa chini na kupanda hatua kwa hatua.

Kwa asiyevutiwa na kazi ya hospitali, au asiyepata ufaulu wa sayansi, mkoa una chuo cha VETA mjini Mpanda, Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Msaginya, na kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Fundi umeme anayefunga jokofu la chanjo, na fundi bomba anayefikisha maji katika chumba cha kujifungulia, nao wanaokoa maisha.

Fedha na uhalali wa chuo

Umaskini huzuia wengi, lakini taarifa zisizo kamili huzuia wengine zaidi. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hutoa mikopo kwa stashahada za fani za kipaumbele, zikiwamo za afya. Ada ya kidato cha tano na sita katika shule za serikali ilifutwa mwaka 2022. Mzazi asiuze ng'ombe wala shamba kabla ya kuyajua hayo.

Kabla ya kulipa chochote, familia ihakikishe kuwa chuo na kozi yenyewe vimo katika orodha ya NACTVET. Mhitimu wa kozi isiyotambuliwa hatasajiliwa na baraza la taaluma yake, na bila usajili hawezi kuajiriwa kihalali kumhudumia mgonjwa.

Afya ya kijana na uchaguzi wa kazi

Ugonjwa wa muda mrefu si hukumu ya kukaa nyumbani. Kijana mwenye selimundu anaweza kuwa mfamasia, mtaalamu wa maabara au mwalimu. Aepuke kazi za kutumia nguvu nyingi, baridi kali na mazingira yasiyo na maji ya kunywa. Mwenye kifafa anaweza kusoma na kufanya kazi nyingi, ila asichague kuendesha magari, kupanda nguzo au kufanya kazi peke yake kando ya maji na moto. Mwenye pumu atafakari kabla ya kuingia useremala au machimboni. Anayeishi na VVU na kutumia dawa ipasavyo ana haki ya kusoma na kuajiriwa. Sheria ya mwaka 2008 inakataza kumbagua.

Kwa anayetarajia kusomea afya, miezi ya kusubiri inatosha kupata kinga muhimu. Chanjo ya homa ya ini aina ya B hutolewa kwa dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Anayeanza Desemba humaliza Juni, kabla hajagusa sindano ya mgonjwa. Apimwe kwanza, na akikutwa na maambukizi, apewe ushauri na ufuatiliaji, asikatishwe tamaa.

Binti aliyekatiza masomo

Mwezi Novemba 2021, serikali iliruhusu wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwamo waliopata ujauzito, kurejea katika shule za serikali. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima nayo huendesha masomo ya sekondari kwa njia mbadala, na vyuo vya maendeleo ya wananchi hupokea mama vijana. Kwa hiyo kliniki ya wajawazito na ya watoto ni mahali pa kufaa sana pa kutoa habari hii. Muuguzi anayeandika tarehe ya kurudi katika kadi anaweza kuuliza pia, kwa heshima na kwa faragha: "Uliishia darasa la ngapi, mwanangu, na ungependa kuendelea?"

Wajibu wa zahanati na familia

Mambo manne yanawezekana bila bajeti mpya. Mosi, kila kituo kibandike ukutani orodha ya fani za afya na masomo yanayotakiwa kwa kila moja. Pili, watumishi watembelee kidato cha pili katika shule jirani kabla wanafunzi hawajachagua masomo, na waeleze kazi zao bila kuzipamba. Tatu, wahitimu wa Novemba wakaribishwe katika huduma rafiki kwa vijana, wapate elimu ya uzazi, uzazi wa mpango kwa wanaouhitaji, upimaji na chanjo. Nne, mzazi ampe kijana kazi ya shamba kwa kiasi, lakini amwachie siku ya kufuatilia matokeo, fomu na tarehe za udahili. Dirisha likifungwa, hupotea mwaka mzima.

Maswali ya mjadala

1. Katika eneo lenu, wahitimu wa mwaka jana wako wapi sasa? Ni nani anayewafahamu kwa majina?
2. Ni wanafunzi wangapi wa kidato cha tatu katika shule jirani wanaoendelea na fizikia na kemia, na walioacha waliacha kwa sababu gani?
3. Binti aliyejifungua mwezi uliopita katika kituo chenu aliambiwa nini kuhusu shule?

Kituo kinachoweza kujibu maswali haya kimekwisha kuanza kuwatunza watumishi wake wa kesho.