Mpakue Punda Kwanza

Tangi letu hapa Kimuka ni la lita 5,000, na kwa miaka sita mimi ndiye niliyekuwa nikilisikiliza. Jioni unaligonga kwa kidole kuanzia juu ukishuka: likilia utupu, maji hayajafika hapo; sauti ikizama, umeyapata. Yakiwa chini ya pete ya tatu unampigia mwenye lori la maji mapema, maana akisema leo huja keshokutwa. Nyumbani hakuna mwingine aliyejua hesabu hiyo.

Jioni moja mwaka jana niligonga hadi chini kabisa, likalia tupu, nami nikasimama pale nisihisi kitu. Si hasira, si wasiwasi. Nikarudi ndani nikaketi gizani. Mtoto akauliza tutapika na nini. "Sijui," nikamjibu, kwa sauti iliyonitisha mwenyewe.

Dada, kama unatafuta dalili za uchovu uliopita kiasi, anza na hiyo. Tumezoea kungoja machozi, na anayelia bado ana nguvu za kulia. Mama yangu anaishi Kitengela na ana kisukari. Kila Jumamosi nilipanda matatu hadi Ngong, nikaunganisha Kiserian na Isinya hadi kwake. Nikaanza kuomba gari liharibike njiani. Mweka hazina wa chama nilikuwa mimi, lakini nilijumlisha michango ileile mara tatu nikapata majibu matatu. Mzee wangu akifanya mzaha nilicheka nimechelewa, kama mtu aliyekumbuka kwamba hapo watu hucheka. Na Jumapili moja nililala saa kumi nzima, nikaamka nimechoka kuliko nilivyolala.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu wa aina hii katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, kwa mambo matatu: kuishiwa nguvu, moyo kuikimbia kazi, na kuona huna tena unachokiweza. Likasema si ugonjwa, ni jambo la kazini tu. Hapo kwenye "kazini" niliguna. Uchunguzi wa Shirika la Takwimu la Kenya wa 2021 kuhusu matumizi ya muda ulionyesha kuwa kazi za nyumbani na malezi yasiyolipwa hula muda wa wanawake takriban mara tano ya wanaume. Nani atuandikie likizo ya hiyo?

Kabla ya kujipa jina lolote, kapime mwili. Upungufu wa damu, hitilafu ya tezi ya shingo, kisukari, vyote huchosha hivyohivyo. Mimi damu ilikuwa chini kweli. Vidonge vya madini ya chuma viliniondolea kizunguzungu nikipanda mlima na trei za mayai. Ule ukimya wa kwenye tangi haukuondoka.

Aliyenifungua macho ni jirani, bibi wa Kimaasai tunayemwita Koko. Nilikuwa namwambia kwamba nimepumzika wiki nzima kwa dada yangu na haikunisaidia. Akanionyesha punda wake aliyekuwa anaingia na mitungi minne. "Huyu," akasema, "nisipompakua, hata nimlaze hadi kesho ataamka amechoka."

Huko kwa dada nilikuwa nimelala na mitungi yangu mgongoni: simu mkononi, nikiulizia chakula cha kuku, dawa za mama, karo.

Usiku huo nilichukua daftari la mayai nikaandika kila ninachokikumbuka kwa niaba ya watu. Si ninachokifanya, ninachokikumbuka. Mambo yalifika 43. Fanya hivyo, na ufanye peke yako, usije ukaanza kuwatetea. Halafu chagua machache ya kukabidhi kabisa. Mtu akikuuliza "nikusaidie nini?" hajapakua chochote, wewe bado ndiye wa kujua kinachotakiwa. Kumkabidhi ni kumwachia kukumbuka, kufanya na kukosea.

Kukosea ndiko kugumu. Tangi nilimpa mzee wangu. Wiki ya tatu likakauka, tukakaa siku nne tukitumia maji ya punda wa Koko, na namba ya mwenye lori nilikuwa nayo kichwani. Nilikalia mikono yangu. Siku ya pili nikakasirika, hasira hasa, ya kutaka kuvunja sahani, nikajikuta nafurahi: kumbe bado nahisi.

Hazina ya chama niliirudisha, wenzangu wakanung'unika mwezi mmoja. Kuku niliwapunguza nusu, na pesa ilipungua, sitakudanganya. Kaka yangu sasa anachukua Jumamosi moja kati ya mbili. Hofu ya ugonjwa wa mama sikupata wa kumpa. Hiyo bado ninayo.

Ukiona mawazo yanaelekea kwenye kufa, usingoje daftari. Mwambie mtu leo, au piga 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, ni bure.

Kwangu ilichukua kama miezi saba, na haikwenda kwa mstari. Juzi usiku, upepo ukivuma kutoka kwenye vilima vya Ngong, nilisikia tangi likigongwa nje. Mzee wangu alikuwa anaanza chini akipanda juu, kinyume kabisa. Nikageukia upande wa pili nikavuta blanketi.